Nani Anamlipa Mhakiki?

Mwezi Novemba 2007, mtu aliyefungua tovuti ya GameSpot alipokelewa na Kane na Lynch kabla hajasoma neno lolote. Wahalifu hao wawili, wahusika wakuu wa gemu mpya iitwayo Kane & Lynch: Dead Men, walikuwa wametandazwa kandokando ya ukurasa wa kwanza. Gemu yenyewe ilitengenezwa Copenhagen na studio ya IO Interactive, ikasambazwa na kampuni ya Eidos ya Uingereza, ambayo ndiyo iliyolipia matangazo hayo. Katika tovuti hiyohiyo ulitoka uhakiki wa gemu hiyohiyo. Mwandishi wake alikuwa Jeff Gerstmann, mkurugenzi wa uhariri, na alama aliyoitoa ilikuwa 6.0 kati ya 10.

Tarehe 28 Novemba Gerstmann aliachishwa kazi. Alikuwa GameSpot tangu 1996, mwaka ambao tovuti hiyo ilianzishwa San Francisco.

Hadi leo, waandishi wa gemu wakikaa kuzungumzia maadili ya kazi yao, jina la Gerstmann halikawii kutajwa. Lakini kisa chake hakieleweki vizuri kikianzia 2007. Inabidi kwanza turudi nyuma tuone uandishi huu ulianza vipi, na tangu mwanzo uliendeshwa kwa pesa za nani.

Jarida la kwanza la Marekani lililoshughulikia michezo ya video peke yake lilikuwa Electronic Games, lililotoka mwishoni mwa 1981. Waasisi wake, Arnie Katz, Bill Kunkel na Joyce Worley, walikuwa mashabiki hasa. Katz na Kunkel walikwisha kuandika safu ya gemu katika jarida la Video, na walijua kwamba kuna vijana wengi waliotaka kuambiwa ipi wanunue na ipi waiache. Uingereza nayo ilipata Computer and Video Games mwaka uleule. Kama majarida mengine ya zama hizo, haya nayo yalitegemea matangazo. Na nani angetangaza katika jarida la gemu kama si watengenezaji wa gemu?

Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo lenyewe. Gazeti la kila siku lina wateja wa matangazo wa kila namna: benki, duka la samani, kiwanda cha bia. Mmoja akinuna, wengine wapo. Jarida la gemu halikuwa na nafasi hiyo. Kampuni iliyotuma nakala ya kuhakikiwa ndiyo iliyonunua ukurasa wa tangazo, ndiyo iliyokuwa na picha za gemu ya mwakani, na ndiyo iliyoamua mhariri yupi aalikwe kuiona kabla ya wenzake. Kila alichokihitaji mhariri kilitoka katika mfuko mmoja, na mfuko huo ukitoboka naye alilala njaa. Ndivyo ilivyokuwa baada ya 1983. Mauzo ya michezo ya nyumbani nchini Marekani yaliporomoka kutoka takriban dola bilioni 3 hadi kama dola milioni 100 mwaka 1985, matangazo yakakauka, na Electronic Games ikafungwa.

Soko lilipofufuka mikononi mwa Nintendo, kampuni hiyo ikaona haina haja ya kumsubiri mhariri wa mtu. Mwaka 1988 ilianzisha jarida lake yenyewe, Nintendo Power, lililojaa ramani, mbinu za kumaliza hatua ngumu, na tathmini za gemu. Lilitengenezwa kwa ustadi, na watoto wa Kimarekani walilipenda kwa haki. Hata hivyo, aliyeuza gemu na aliyemwambia mtoto kwamba gemu ni nzuri alikuwa mtu mmoja. Wengi wa kizazi kile walianza kusoma habari za gemu kutoka kinywani mwa muuzaji, na wakubwa wa kampuni nao wakazoea kwamba kazi ya jarida ni kusaidia mauzo.

Walikuwapo waliokataa. Amiga Power, jarida la Uingereza lililodumu kutoka 1991 hadi 1996, lilishikilia kwamba kipimo kikiwa cha asilimia 100, gemu ya wastani inastahili 50. Leo hilo linaonekana jambo la kawaida tu, lakini wakati ule lilikuwa ukaidi mkubwa. Kwingineko gemu ya wastani ilipewa 70 na zaidi, na 60 ilihesabiwa kuwa tusi. Kampuni ya Team17, baada ya gemu zake kupigwa alama za chini, iliacha kuwapelekea Amiga Power nakala za kuhakiki. Adhabu ya namna hii haina makelele. Msomaji haoni barua wala hasikii kitisho. Anachokiona ni kwamba mwezi huu jarida lake limechelewa kuhakiki gemu ambayo majirani wote wamekwisha kuihakiki.

Mfumuko huo wa alama ndio unaotuwezesha kuelewa kwa nini 6.0 iliweza kumgharimu mtu kazi. Mwanafunzi aliyepata 6 kati ya 10 amefaulu. Katika biashara ya gemu, 6 ilisomwa kama agizo la kutonunua. GameSpot wenyewe walikuwa wamebadilisha kipimo chao katikati ya 2007, wakaacha desimali ndogondogo na kutumia nusu alama, na karibu na 6.0 waliandika neno lenye maana ya kwamba gemu ni ya kadiri. Gerstmann aliona gemu yenye wazo zuri lililoharibiwa njiani: wenzi wa vitani wasio na akili, na wahusika ambao mchezaji hapati hata mmoja wa kumshabikia. Gemu mpya wakati huo iliuzwa kwa dola 60. Kumwambia msomaji kwamba dola zake 60 zina mahali pazuri zaidi pa kwenda ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Nyumba yoyote ya habari inayojiheshimu hutenganisha chumba cha habari na dawati la matangazo. Wauza matangazo wanajua kwamba iko siku mteja atakasirika. Siku hiyo, kazi ya mkubwa wao ni kuipokea simu, kumsikiliza mteja hadi amalize, na kuliacha jambo lifie hukohuko bila kumfikia mwandishi. Ukuta huo hausimamishwi na waraka uliobandikwa ofisini. Unasimama kwa sababu yuko mtu mwenye cheo aliye tayari kumpoteza mteja. Mtu huyo akihama, waraka hubaki na ukuta huondoka.

Mwaka 2007 watu wa namna hiyo walikuwa wakihama GameSpot. Greg Kasavin, aliyekuwa mhariri mkuu, aliondoka mwanzoni mwa mwaka akaenda kutengeneza gemu. Tovuti ilikuwa mali ya kampuni ya CNET, na wapya walikuwa wameshika usukani bila kuwahi kuketi kwenye kiti kile mteja mkubwa anapopiga simu.

Habari za kufukuzwa zilienea ndani ya siku mbili tatu. Waundaji wa Penny Arcade, katuni iliyosomwa sana na wapenzi wa gemu, waliweka hadharani kile ambacho watu wa ndani walikuwa wakinong'onezana: kwamba Eidos walikasirishwa na ile alama. Uhakiki wa video wa Gerstmann ukaondolewa, na maneno ya ule ulioandikwa yakarekebishwa. Uongozi ulieleza kuwa sauti ya video haikuwa nzuri na picha za mchezo hazikutosha. CNET ikasisitiza kwamba haikumwachisha mtu kazi kwa shinikizo la mteja wa matangazo. Gerstmann mwenyewe hakujibu. Alikuwa amefungwa mdomo na makubaliano ya kisheria, na kimya chake kikaendelea kwa zaidi ya miaka minne.

Waliosema kwa niaba yake walisema kwa miguu. Alex Navarro, Ryan Davis, Brad Shoemaker na Vinny Caravella waliacha kazi GameSpot mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2008 Gerstmann na Davis walianzisha tovuti ya Giant Bomb, chini ya kampuni ya Shelby Bonnie, ambaye aliwahi kuwa mkuu wa CNET yenyewe, na wale wengine wakajiunga nao kwa nyakati tofauti. Mwaka 2010 Giant Bomb ikaanza kuwauzia wasomaji uanachama. Uamuzi huo ulikuwa na uzito wa kipekee, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu hawa walijaribu kulipwa na yule waliyedai kumtumikia.

Wakati Gerstmann akiwa kimya, wengine walipata ujasiri wa kusema. Mwanzoni mwa 2008, Dan Hsu, mhariri wa Electronic Gaming Monthly, aliwaeleza wasomaji wake wazi kwamba jarida limefungiwa milango na pande tatu: kampuni ya Ubisoft, timu ya gemu ya Mortal Kombat, na kitengo cha gemu za michezo cha Sony. Hsu aliwaambia kuwa sababu ni tathmini ambazo pande hizo hazikuzipenda, na kwamba jarida litaendelea kuandika litakachoweza bila wao. Miaka mingi adhabu hii ilitolewa gizani. Hsu aliitoa mwangani, na mara tu msomaji alipoiona ikapungua makali, kwa sababu kimya cha jarida kilipata maelezo.

Machi 2012 mambo yaliviringika kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Kampuni ya habari ya CBS, iliyokuwa imeinunua CNET mwaka 2008, sasa ikainunua Giant Bomb. Gerstmann akajikuta chini ya paa la mwajiri aliyemfukuza, na katika makubaliano ya ununuzi akafunguliwa mdomo. Aliketi mbele ya kamera ya GameSpot akaeleza. Alisema aliitwa vikaoni zaidi ya mara moja kuhusu alama. Uhakiki wa mwenzake wa gemu ya Ratchet & Clank, uliotoa 7.5, nao ulizua tishio la Sony kuondoa matangazo; kisha likaja shinikizo kutoka Eidos kwa ajili ya Kane & Lynch. Kwa maelezo yake, viongozi waliokuwapo hawakuwa wamewahi kukabili shinikizo la aina hiyo, wakaona pesa zinaondoka, wakatetereka.

Maelezo hayo yanastahili kusomwa polepole. Wengi wetu tukisikia mgongano wa maslahi tunaifikiria bahasha. Wahenga walikwisha kusema: penye udhia penyeza rupia. Lakini hapa hakuna rupia iliyopenyezwa. Pesa zilipita mlango wa mbele, kwa mkataba na risiti, zikalipa mishahara halali ya watu waaminifu. Gerstmann hakupewa hata senti ili aseme uongo. Alichokipata ni hasara kwa kusema anachokiamini, na wenzake waliobaki waliiona hasara hiyo. Mhakiki anayejua kilichompata mwenzake hahitaji kuhongwa, kwani atajipunguzia makali mwenyewe na kujiambia kwamba gemu hii, ukiitazama vizuri, labda inafaa 7.

Pesa hizo ziliwafika hata watengenezaji wenyewe. Tovuti ya Metacritic, iliyoanza 2001 na kununuliwa na CNET mwaka 2005, hukusanya alama za wahakiki wengi na kuzifanya wastani mmoja. Wasambazaji walianza kuutumia wastani huo katika mikataba. Studio ya Obsidian ilipotengeneza Fallout: New Vegas, iliyotoka 2010, mkataba wake uliahidi nyongeza iwapo wastani utafika 85. Ukafika 84. Chris Avellone, mmoja wa wakuu wa studio, aliyasema haya hadharani mwaka 2012. Kwa hiyo mhakiki aliyeketi peke yake usiku akiamua kati ya 8 na 8.5 alikuwa ameshika, bila kutaka, kipande cha kipato cha watu asiowajua. Uadilifu unamtaka asiwafikirie hata kidogo, na ubinadamu haumruhusu kuwasahau.

Mwaka huohuo wa 2012, Oktoba, safu moja katika tovuti ya Uingereza ya Eurogamer ilionyesha upande mwingine wa tatizo. Robert Florence aliandika kuhusu waandishi na watu wa mahusiano ya umma wanavyokula meza moja. Mfano wake mmoja ulikuwa picha ya mtangazaji Geoff Keighley aliyehojiwa akiwa ameketi kati ya bango la gemu ya Halo 4 na pakiti za Doritos na chupa za Mountain Dew. Mfano mwingine ulihusu hafla ya tuzo za wanahabari wa gemu, ambako waandishi walisambaza mtandaoni neno la kutangaza gemu ya Tomb Raider wakitumaini kushinda mashine ya PlayStation. Mmoja wa waliotajwa alilalamika, Eurogamer ikaogopa kushtakiwa kwa kashfa, kwa kuwa sheria ya Uingereza ilimbebesha mwandishi mzigo wa kuthibitisha, na aya kadhaa zikafutwa. Florence akaacha safu yake. Aliyeandika kwamba uswahiba unafunga midomo ndiye aliyenyamazishwa, na kilichombana hakikuwa kampuni kubwa ya gemu bali malalamiko kutoka ndani ya taaluma.

Kufikia hapo, wasomaji walikuwa na kila sababu ya kuwa na shaka. Mwaka 2014 shaka hiyo ilitekwa nyara.

Agosti mwaka huo, mtengenezaji wa gemu Zoë Quinn alituhumiwa mtandaoni kwamba mwandishi wa tovuti ya Kotaku aliisifu gemu yake kwa sababu ya uhusiano wao. Gemu yenyewe, Depression Quest, ilikuwa ya bure. Mhariri wa Kotaku, Stephen Totilo, alichunguza akaeleza kwamba mwandishi huyo hakuwahi kuihakiki gemu hiyo. Uhakiki uliodaiwa kununuliwa haukuwapo. Hilo halikuzuia kitu. Chini ya jina la GamerGate, umati uliojiita mtetezi wa maadili ya uandishi ulimwandama Quinn kwa matusi na vitisho hadi akaihama nyumba yake. Mchambuzi Anita Sarkeesian naye aliandamwa hivyohivyo, na Oktoba akafuta hotuba yake katika chuo kikuu cha Utah State baada ya kutolewa kitisho cha mauaji ya halaiki.

Sitaki kulipita hili haraka, kwa sababu ndipo maadili yalipogeuzwa rungu. Wakubwa waliokuwa na uwezo wa kuondoa matangazo na kufungia majarida hawakuguswa. Aliyeandamwa ni mtengenezaji mdogo asiye na bajeti ya matangazo wala nakala ya kumnyima mtu. Tena umati huo, katika kumtafutia adhabu mwandishi mmoja ambaye makala yake haikuwapendeza, uliwaandikia wenye matangazo wa tovuti ya Gamasutra wajitoe. Intel ikajitoa, kisha ikaomba radhi. Silaha iliyotumika dhidi ya Gerstmann miaka saba kabla ilitumika tena, safari hii na watu waliodai kuupigania uhuru wa uhakiki.

Katika makelele hayo, mambo machache ya maana yalifanyika. Kotaku na tovuti nyingine, Polygon, ziliimarisha kanuni zao kuhusu waandishi wanaowachangia watengenezaji pesa kupitia Patreon, mtandao wa michango. Novemba 2015, Totilo aliwafahamisha wasomaji kwamba kampuni za Bethesda na Ubisoft zimekata mawasiliano na Kotaku baada ya tovuti hiyo kufichua gemu ambazo hazijatangazwa. Alikuwa akifuata njia ya Hsu: msomaji ajue nani amefunga mlango, na kwa nini.

Wakati huo, hata hivyo, pesa zilikuwa zikihamia kwa wenye chaneli za YouTube, ambao hawakuwa na mhariri wala dawati la matangazo la kutenganisha. Mwaka 2014 Warner Bros. iliwalipa watu wa YouTube waitangaze gemu ya Shadow of Mordor, kila mmoja kuanzia mamia hadi makumi ya maelfu ya dola, kwa sharti kwamba waisifu na wasionyeshe kasoro zake. Miongoni mwao alikuwa PewDiePie, mmoja wa mashuhuri wa YouTube. Video hizo zilitazamwa zaidi ya mara milioni 5.5. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Warner kwa kutohakikisha kwamba watazamaji wanaelezwa wazi juu ya malipo hayo, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2016. Dola zilizolazimika kuzunguka na kumtisha mwajiri wa Gerstmann zilipata njia fupi: zilimfikia msemaji moja kwa moja, pamoja na maelekezo ya nini cha kusema.

Giant Bomb ilipita mikononi mwa wamiliki kadhaa baada ya CBS. Gerstmann aliondoka mwaka 2022 akaanzisha kipindi chake, akilipwa na wasikilizaji wenyewe kupitia Patreon. Mei 2025 wawili kati ya watangazaji wa Giant Bomb waliinunua, wakaiendesha kwa michango ya wanachama. Wazo lililozaliwa kutokana na 6.0 limethibitika kwamba linaweza kumlisha mtu.

Pamoja na hayo, sidhani kuwa pesa ya msomaji inamaliza tatizo. Msomaji naye ana gemu anazozipenda, naye anajua kununa. Mwanachama anaweza kujitoa kwa hasira kama mteja wa tangazo, na 2014 ilituonyesha jinsi umati wa mashabiki unavyoweza kuwa mkali kuliko kampuni. Tofauti ni kwamba hasira ya mwanachama mmoja haifungi ofisi, na kuisema hadharani hakumgharimu mhakiki kazi. Hayo mawili ndiyo uhuru unaopatikana katika kazi hii: riziki isikae katika mkono mmoja, na shinikizo lisiwe siri. Gerstmann alikosa yote mawili Novemba 2007. Mhakiki anayeandika leo kuhusu gemu mpya, awe New York au Nairobi, atuambie waziwazi nani amempa nakala, nani anamlipa, na nani amemfungia mlango. Nasi wasomaji, tukiambiwa, tuwe na uungwana wa kuiacha 6 ibaki 6.